Mishipa Yangu na Amina Yangu

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Jumapili jioni, 2013

Muujiza, eti. Mchungaji amenisimamisha leo mbele ya kanisa zima kama mbuzi wa mnadani, nitoe ushuhuda jinsi maombi yalivyoniinua baada ya kiharusi. Kisha akamtazama Mama Esta, ambaye mumewe alipatwa na kiharusi wiki ileile niliyopatwa mimi na hadi leo hasemi. "Kuna nyumba zenye imani," akasema, "na kuna nyumba nyingine."

Wajinga wakapiga makofi.

Daktari wa Mbarara alitutibu sote wawili kwa dawa zilezile. Alieleza kwamba chini ya ubongo mishipa ya damu huungana kama duara, na mmoja ukiziba, damu hupitia upande wa pili. Duara langu ni zima. La mume wa Mama Esta limekosa kipande tangu kuzaliwa. Imani inaingia wapi hapo? Maneno hayo mimi mwenyewe nilimtafsiria Mama Esta kutoka Kiingereza.

Na leo nilisema nini? Amina.

Baada ya ibada nilijikokota hadi jikoni kwake kumpa pole. Hakuacha kusonga bugali.

"Ile ya mishipa naijua, Mwalimu. Batu ba kanisa ndio habaijue. Muliogopa nini kuisema kule mbele? Hapa ni masufuria tu ndio inasikia."

Niliogopa mazishi yangu. Siku zangu zimebaki chache, na mchungaji ndiye anayeamua kwaya imwimbie nani kaburini. Nimemuuza mwanamke yule kwa nyimbo ambazo sitazisikia.