Kipimo Kilichosubiri Korosho

Mjukuu wangu Zuhura,

Babu yako kijana nakusalimu, bodaboda mtanashati kuliko wote Nachingwea. Bibi yako Somoe, dada yangu mkubwa, bado yuko kitandani. Hata kugeuka anageuzwa.

Unauliza kama kipimo chako cha pili cha ziwa kinaweza kusubiri mshahara wako. Shule niliikimbia, ila hili nalijua. Somoe kipimo cha kwanza alipimwa bure. Wakakuta kivimbe, wakamwambia aende hospitali kubwa akatolewe kinyama kikapimwe. Hicho ni cha kulipia, na nauli juu.

Nikamfuata kijijini kwake, Nandagala. "Panda, dada, nitakopa," nikajitapa.

"Nani akukopeshe wewe, na pikipiki yenyewe ya tajiri? Tusubiri korosho. Kwanza hakiumi."

Mikorosho ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua. Tulipouza, miezi baadaye, tukaenda. Daktari akaangalia, akauliza, "Mama, muda wote huu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naanika korosho, baba."

Daktari hakucheka. Hata mimi, bingwa wa mizaha, sikucheka.

Pesa ya kipimo chako na nauli nimeituma leo. Ukiilia chipsi, nakuja huko Dar nikuumbue mbele ya wachumba wako.

Babu yako,
Bakari