Karata za Baba na Ng'ombe wa Anisia

Ibadakuli,
Shinyanga.
17 Septemba 1978

Mpendwa kaka Telesphori,

Leo ni Jumapili. Tumetoka misa ya kwanza, na kabla ya kushika kalamu nimeapa moyoni kwamba nitakueleza yote, hata yale ambayo mama yetu, mayu, amesema yasitoke nje ya boma letu.

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekuacha. Huku kwetu miili ni mizima. Mayu anasumbuliwa na goti asubuhi, lakini jua likipanda anatembea. Joto ni kali, na kisima cha chini kimebaki tope.

Mtihani wa darasa la saba tumeufanya. Hesabu nilizimaliza nikapata muda wa kuzipitia tena. Mwalimu Valerian anasema nisiwe na hofu. Niombee, kaka, maana nataka sana kwenda sekondari.

Sasa nije kwenye swali lako. Baba alikuandikia kwamba alikuwa na fuli hausi, akakoliwa, na mwishowe amefoldi. Ukaniuliza kama hayo ni majina ya ugonjwa. Siyo ugonjwa, ingawa siku hizi nayaona kama ugonjwa. Ni maneno ya mchezo wa karata unaoitwa poka. Ameuleta Herman, yule aliyekuwa akihudumia vinywaji kwenye klabu ya wazungu mgodini. Aliporudi alifungua kilabu cha pombe huku kwetu, na chumba cha nyuma akaweka meza.

Mimi nayajua maneno hayo kwa sababu baba alinifundisha, apate mtu wa kufanya naye mazoezi. Kila mtu hupewa karata tano. Kabla ya kuziona, kila mmoja anaweka kitu kidogo mezani, na hicho ndicho wanachokiita anti. Mbili zinazofanana, kama bibi wawili, ni peya. Tano zote za kopa, au zote za shupaza, ni flashi. Fuli hausi ni tatu za namna moja na mbili za namna nyingine, nayo ni karata nzuri sana. Mtu anaweza kucheza mwaka mzima akaipata mara chache.

Kwa Herman hawaweki fedha mezani, kwa kuwaogopa mgambo. Punje ya hindi ni shilingi, mbegu ya ukwaju ni mbuzi, na kokoto jeupe ni ng'ombe. Nadhani ndiyo maana baba hakuumia mapema. Kokoto halilii likitolewa bomani.

Usiku wa ile fuli hausi alikuwa na ree mbili na karata tatu za kumi. Akasukuma kokoto zake zote katikati ya meza. Herman akamkoli, maana yake akaweka dau sawa na lake ili karata zifunuliwe. Herman alikuwa na saba zote nne, nazo huishinda fuli hausi. Asubuhi watu wake walikuja kuwaswaga ng'ombe wetu, na mayu akasimama mlangoni na kata ya maji mkononi mpaka wakapotea machoni. Walikuwa ng'ombe wa mahari ya dada yetu Anisia, kaka. Baba alibaki na mitamba wawili tu.

Hilo lilikuwa wakati wa kuchuma pamba. Haukupita muda, Anisia mwenyewe akaja, amepanda lori la pamba kutoka Ushirombo. Mumewe, Masele, alikuwa amemchoma mkono kwa pasi ya mkaa, kwa sababu kola ya shati lake haikunyooka. Nilipomfungua kitambaa, ngozi ilitoka pamoja nacho. Hakulia. Aliniuliza kama bado ninalalia mkeka wake.

Baba aliutazama ule mkono. Akasema, "Harudi! Hata Masele akija na jeshi, harudi!" Nilimpenda sana baba siku ile. Nakuandikia hilo kwa kuwa ni kweli.

Lakini desturi yetu unaijua. Mwanamke hatoki kwa mume mpaka ng'ombe watoke kwa baba yake. Na kanisani hawakufunga ndoa, kwa hiyo hata padri hakuwa na la kusema. Ng'ombe ndio cheti chao.

Wakwe walikuja Jumamosi moja mwezi uliopita, Masele mbele na pikipiki yake, wazee wake nyuma kwa basi. Tangu aanze kununua dhahabu ya wachimbaji kule upande wa Geita, Masele haongei na mtu bila kwanza kutazama saa yake. Herman naye alikuja, akasimama nyuma ya Masele. Nilishangaa amealikwa na nani.

Hapo ndipo nilipoelewa neno blafu. Blafu ni kucheza kama mwenye karata nzuri wakati huna kitu, ili mwenzako aogope aache. Unajua kwamba Mwalimu Valerian hana boma, na ng'ombe wake wanalishwa kwetu nasi tunakunywa maziwa. Baba aliwatoa ng'ombe wa mwalimu, akawachanganya na mitamba wetu, akasema, "Mahari yenu hiyo. Swageni." Alijua kiangazi hiki ng'ombe hawafiki Ushirombo, maji hayapo njiani. Alitaka wakwe waseme basi, tuwaache hapa mpaka mvua zinyeshe, na Anisia awe huru tangu siku ile. Mpaka mvua zije, angetafuta njia.

Ingewezekana, kaka. Wazee wao walianza kunong'onezana juu ya maji. Ila baba akatoa kopo lake la ugoro, akampelekea baba yake Masele, akampelekea na Masele mwenyewe. Kwenye mazoezi yetu, baba akiwa hana kitu mkononi hugawa ugoro. Nilikuwa nimemwambia. Nikamwona Herman anatabasamu, kisha anamgusa Masele begani.

Masele aliingia bomani, akashika sikio la ng'ombe mmoja, akashika la mwingine. Akacheka.

"Baba mkwe, alama yako hukatwa sikio la kulia. Tangu lini umehamia kushoto?"

Baba akasema, "Macho yako yana vumbi la njiani, kijana."

"Yana vumbi la dhahabu," akajibu Masele. "Nakukoli, baba mkwe. Funua karata."

Vijana wote wanaokunywa kwa Herman walicheka mpaka wakashikana. Mayu alijifunika uso kwa khanga. Masele akaendelea, kwa sauti, ili hata wanawake wa jikoni wasikie, "Ng'ombe wa sikio la kulia wako bomani kwangu. Mkwe hawezi kukaa meza moja na baba wa mkewe, mimi nina adabu zangu. Kwa hiyo Herman alikuwa akicheza kwa niaba yangu."

Baba aliinuka haraka, nikadhani amepona. "Kama unao, mahari imerudi! Wazee mmesikia wenyewe!"

Mzee Stanslaus ndiye aliyekuwa akisikiliza shauri. Akasema, "Hapana. Cha karata ni cha karata, na cha mahari ni cha mahari. Wale uliwapoteza. Hawa wanaodaiwa hujawarudisha."

Kufoldi, kaka, ni kulaza karata zako kifudifudi na kuachia kila ulichokwisha kuweka. Baba hakumtazama Anisia. Alisema tu, "Binti, funga mzigo wako."

Kuna neno moja ambalo baba hakukuandikia, poka fesi. Ni uso usiomwambia mtu chochote. Herman husema baba hana uso huo hata chembe. Anisia anao. Alifunga mzigo, akanirudishia mkeka, akampigia mayu magoti. Alipopanda nyuma ya pikipiki, Masele aligeuka akasema, "Shika vizuri, mali ya watu isianguke." Anisia alimshika kiunoni kwa mkono ule ule ulioungua, kwa sababu wa pili ulikuwa na mzigo.

Baba haendi tena kwa Herman. Si kwa toba. Vijana wanamwita "Mzee Fuli Hausi" akipita. Mwalimu Valerian amehamisha ng'ombe wake.

Ila nilikuambia nitasema yote, na hili ndilo la mwisho. Kabla hawajaondoka, Mzee Stanslaus alisema kwamba kama ndugu yeyote wa Anisia ataleta mahari kabla ya mvua za kwanza, shauri litafunguliwa na mwanamke atarudi. Masele alikubali mbele ya wote. Akasema, "Nani, Telesphori? Yule anatafuta mke. Hawezi kumwacha wake ili amkomboe wangu."

Niliwafikiria ng'ombe wako walioko Samuye kwa Nkwabi. Baba ameshakwenda kuwaomba. Nkwabi akamwambia kwamba uliacha neno asimpe mtu yeyote, hasa baba, mpaka aone mwandiko wako. Ulifanya vizuri, maana sasa wangekuwa kokoto. Niliuliza kwa Nkwabi, nao wanatosha kwa mahari ya Anisia. Hatabaki hata mmoja.

Najua ni wa harusi yako ya Krismasi. Bernadina alipita hapa jana kukuachia salamu. Ameshashona gauni, na alinionyesha mikono ya gauni lenyewe.

Mayu anakusalimu, anasema usiache kula. Shangazi Febronia na watoto wake wanakusalimu, na Theopista anakukumbusha ile picha uliyomwahidi. Baba naye amesema, "Msalimie mwanangu," kisha akatoka nje. Mungu akulinde kazini na katika usingizi wako, na Bikira Maria akufunike.

Mdogo wako anayekupenda kuliko anavyojua kuandika,

Scolastika

Kaka, mawingu yameanza kuonekana upande wa ziwani. Nijibu kwa posta ya kwanza, hata kama ni mstari mmoja: wale ng'ombe wa Samuye ni wa Bernadina au ni wa Anisia?