Besi Iliyozama

Jumatatu, 4 Agosti

Na ndiyo hivyo, hata kuchapa noti za muziki kumekuwa kutamu tangu niolewe. Elia anakata vitunguu, mimi nachapa. Mume wangu! Nikiandika tu neno hilo natabasamu.

Leo nachapa wimbo aliotunga marehemu baba mkwe. Jumapili kwaya itauimba kwenye shukrani ya ndoa yetu. Mama mkwe anashuka kutoka Mamba, kijijini kwao mlimani. Hajaimba tangu amzike mumewe. Natamani aimbe, anipende. Sauti yake imeshuka, kwa hiyo naushusha wimbo kutoka ufunguo wa G hadi E. Naandika herufi za G, kompyuta inazishusha, inachora noti na kuzipiga.

Jumatano, 6 Agosti

Mstari wa mwisho, besi imezama oktava nzima. Spika ikanguruma, vikombe vikatetemeka. Kosa la mtu aliyezoea solfa, noti za do-re-mi. Kwenye solfa, sol iliyo chini ya do hupewa alama ya kushuka. Kwenye kompyuta alama hiyo ni koma, lakini oktava huanzia c, si do. Noti ile, d iliyo chini ya g, haikuhitaji koma ya ziada. Nikaiweka.

Elia alicheka hadi akakaa chini. "Hiyo ataimba nani, mke wangu? Kiboko wa Ziwa Jipe?" Nampenda mno. Nimefuta koma.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama amefika na tangawizi. Shikamoo. Marahaba. Nikampigia wimbo, uliosahihishwa.

"Mbona umemtoa baba yenu?"

Elia akaganda. Mama anasema marehemu alikuwa akishuka hadi oktava ile niliyoifuta, kwenye mstari wa mwisho, jikoni tu, wakiwa wawili. Elia hakuwahi kumsikia. Na Jumatano Mama alikuwa Mamba! Nani kamwambia nimetoa kitu?

"Mrudishe, mwanangu."

Mwanangu! Nimefurahi na nimeogopa.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuirudisha koma. Sikuthubutu.

Kwaya iliimba bila kinanda, spika zimezimwa. Mama benchi la mbele, mdomo umefungwa. Mstari wa mwisho, besi wakaimba noti yangu iliyosahihishwa. Chini yao ikasikika nyingine. Niliihisi kwenye mbao za benchi. Besi wakatazamana.

Mama akasimama, akaimba.

Jumanne, 12 Agosti

Mama amesharudi Mamba. Elia hazungumzii Jumapili. Ananishika mkono tu, hata tukila.

Jioni Mama alipiga simu. Sauti yake changa kabisa. Anaimba jikoni kila asubuhi, anasema, na haimbi peke yake. Anataka twende tukasikilize. Elia alitikisa kichwa kukataa. Mimi nikamwambia ndiyo, Mama, kabla mwezi huu haujaisha tutapanda, sote wawili.