Pikipiki Uliyonifundisha kwa Mdomo wa Mama

Baba,

Ni mimi, Nekesa, mke wa mwanao Wekesa. Nimekaa mezani kwetu hapa Shauri Moyo. Watoto wako shuleni, na pikipiki yako iko nje, nimeifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya kamba za nguo. Ungekuwa hai nisingekuandikia hivi, moja kwa moja. Ningemwambia Mama, mkeo, naye angekuambia. Lakini ninalotaka kukwambia leo linamhusu Mama mwenyewe, kwa hiyo siwezi kumtuma.

Naanza na habari za kawaida. Nimepata kazi. Kuna kemisti kule mtaa wa Fedha anayewapelekea wateja dawa nyumbani, hasa wazee wa sukari na presha ambao magoti hayawaruhusu kushuka ngazi. Mimi ndiye ninayepeleka. Asubuhi naweka dawa kwenye boksi la nyuma, nafunga mpira, natoka. Walinzi wa mageti walinisumbua mwanzoni. Nikivua helmeti na kuonyesha uso, wanauliza mwenye pikipiki yuko wapi. Siku hizi wananijua, geti linafunguliwa kabla sijapiga honi.

Vijana wa steji ya bodaboda nao walikuwa na yao. Mmoja aliniuliza, "Niaje mathe, hiyo nduthi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Zii. Ni ya bwanako."

Nikamwambia bwanangu anaogopa pikipiki kuliko anavyoogopa nyoka. Wakacheka sana. Tangu siku hiyo wananiita Mathe wa Dawa, na mnyororo ulipolegea mmoja wao aliukaza, hakutaka kitu.

Wekesa bado anaogopa. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani huinama na kubonyeza tairi zote mbili kwa kidole gumba, kisha anaondoka. Mimi namwacha abonyeze.

Wiki ya kwanza injini ilinizimia katikati ya raundabauti ya Jogoo Road. Unajua pale palivyo. Matatu mbele, lori nyuma, kila mtu anapiga honi, na kondakta mmoja amening'inia mlangoni anapiga kelele, "Mathe, toa hiyo kitu!" Nikasahau kila kitu, hata mguu upi ni wa breki. Halafu nikasikia sauti kichwani: "Anasema rudisha gia frii kwanza. Anasema usiwaangalie watu." Nikarudisha frii, nikapiga kiki, ikawaka, nikaenda.

Sauti ile haikuwa yako, Baba. Ilikuwa ya Mama. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa barabarani. Wewe ndiye uliyenifundisha, lakini sauti yako haimo kabisa katika yale ninayokumbuka, kwa sababu hukuwahi kuielekeza kwangu.

Najua ni adabu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawapeani mikono, hawali meza moja, hawaangaliani usoni. Niliolewa nikiyajua hayo na sikuwahi kuyalalamikia. Ulipokuja kwetu nilikuwa nasalimu nikiwa mlangoni pa jikoni, nawe unaitikia ukiangalia redio. Tuliishi vizuri hivyo. Wengine wana wakwe wanaowagombeza kila Jumapili. Mimi nilikuwa na mkwe wa kukohoa tu nje ya mlango, ili nijue amefika.

Kile kiwanda cha plastiki nilikokuwa kibarua kilipotusimamisha, nikakaa nyumbani mpaka nikachoka. Siku moja nilikuwa Ziwani kwenu nikimsaidia Mama kukata sukuma, nikamwambia nimeona wanawake wakiendesha pikipiki, wanabeba vifurushi, na wanalipwa. Nilikuwa napiga soga tu. Sikujua angelifikisha. Jumapili baada ya kanisa akanivuta kando.

"Anasema uje Jumamosi. Uvae suruali na viatu vya kufunga."

Nikadhani amesikia vibaya. Suruali, mbele yako? Wekesa alipoambiwa alisema, "Baba amezeeka sasa." Hakunikataza. Nadhani alijua kwamba akinikataza mimi atakuwa amekukataza wewe.

Nilikuja na suruali, nimefunga leso juu yake mpaka kwenye uwanja wa mpira pale Ziwani. Ulikuwa umekwisha kuitoa pikipiki, umeifuta tanki mpaka inang'aa, umeisimamisha kwa stendi katikati ya uwanja. Wewe mwenyewe ulikuwa kule golini, mikono nyuma, unaangalia reli kana kwamba unasubiri treni. Mama alikuwa kati yetu, kwenye kiti cha plastiki alichokibeba kutoka nyumbani, mwavuli kichwani. Nilipoivua leso nikamkabidhi yeye, hukugeuka.

Hivyo ndivyo tulivyosoma. Wewe unasema, si kwa sauti kubwa, Mama anageuka na kunipigia kelele.

"Anasema vuta klachi yote!"

"Anasema tia gia ya kwanza, chini!"

"Anasema achilia klachi polepole, kama unamshusha mtoto aliyelala!"

Hapo ndipo niliporuka kama chura na injini ikazima. Watoto wa uwanjani walianguka kwa kicheko. Mama naye alicheka, kisha akakuangalia, akaacha. Nilirudia mpaka mkono wa kushoto ukachoka. Mama hakuwa anajua klachi ni nini. Mara ya kwanza alisema "chachi", kama kanisa kwa Kiingereza. Lakini kabla mwezi haujaisha alikuwa anasikia injini ikilia na kusema kabla yako, "Gia ya pili! Gia ya pili!" Nawe ukakohoa, akasema tena, kwa upole zaidi, "Anasema gia ya pili."

Sasa nije kwenye ile siku ya kuanguka. Nilikata kona kwenye mchanga karibu na lango la uwanja, nikabana breki ya mbele peke yake. Pikipiki ikanilalia mguuni, injini bado inanguruma, na ekzosi inanichoma kupitia suruali. Nikasikia mtu anakimbia. Ulikuwa wewe, na umri huo wako. Uliniita kwa jina. "Nekesa!" Sijui kama unakumbuka. Ni mara hiyo moja tu.

Ulifika, ukasimama hatua moja kutoka nilipolala. Mkono wako ulikuwa umeshatoka, kisha ukaurudisha. Ulizima injini. Ukaishika pikipiki kwa usukani, ukaiinua yote, ukaisogeza pembeni, ukanigeuzia mgongo. Mimi nikabaki pale chini. Mama alikuwa bado anakuja, viatu mkononi.

Ulimwambia, "Muulize kama mguu uko sawa."

"Baba Wekesa, si yuko hapo? Anakusikia."

"Muulize."

Akaniuliza. Nikamwambia uko sawa. Akakwambia uko sawa. Ukasema basi apande tena, kabla hajaanza kufikiria. Nikapanda tena.

Sikukasirika, Baba, kama huenda ulidhani. Nilipofika nyumbani nilipaka mguu mafuta na kumwambia Wekesa kwamba umeinua pikipiki nzito ile kama kitanda cha mtoto. Kovu lipo, upande wa ndani wa shavu la mguu. Halina shida.

Nilikuwa nimeshapata leseni ulipoanguka bafuni. Mtihani niliupita. Nilizunguka zile koni zote bila kugusa hata moja, na Mama alikwambia, nami nikiwa jikoni nilikusikia ukisema, "Vizuri." Tayari pia nilikuwa nimeongea na yule wa kemisti, naye akasema nafasi ipo, mradi nije na pikipiki. Nilidhani ningekuomba uniazime. Nilikuwa nangojea Mama apate wakati mzuri wa kukwambia. Halafu ukaanguka.

Hospitalini niliishia mlangoni pa wodi. Mama alikuwa ndani na Wekesa na mdogo wake Simiyu. Niliona miguu yako tu, chini ya blanketi ya kijani. Hukuwa unaongea tena. Watu waliniambia baadaye kwamba hukupata maumivu, lakini watu husema hivyo kila mara.

Tulikuzika nyumbani kijijini, karibu na mama yako. Mvua ilisubiri mpaka tukamaliza. Uliimbiwa vizuri, wale uliofanya nao kazi reli walikuja, wengine wamezeeka kiasi cha kushikwa mkono. Sitaeleza zaidi. Ulikuwepo.

Baada ya siku za kuomboleza wazee walikaa chini ya turubai kugawa vitu vyako. Wanawake tulikuwa upande wa jikoni lakini tulisikia yote. Koti lako kubwa lilienda kwa ndugu yako. Redio kwa Wekesa. Halafu ndugu yako akauliza habari ya pikipiki. Simiyu akasema yeye ndiye kitinda mimba, na vibarua vimekuwa vigumu, aichukue. Simiyu si mtu mbaya. Lakini hajui kuendesha, na kila mtu pale alijua kwamba angeiuza mara tu akirudi Nairobi. Wekesa alikuwa anaangalia viatu vyake. Angeweza kusema neno. Lakini angesemaje kwamba mke wake apewe kitu cha baba mkwe? Hata mimi ningekuwa mzee pale ningeona ni jambo la ajabu. Nilikuwa naosha sufuria. Nikaendelea kuosha. Nilijiambia kazi ya kemisti imekwisha, na kwamba nitatafuta nyingine.

Ndipo Mama akatoka jikoni. Alikuwa na mkono wenye unga. Akaenda mpaka ukingoni mwa turubai, mahali ambapo wanawake hawafiki mambo hayo yakizungumzwa.

"Marehemu alisema pikipiki ni ya Nekesa."

Ndugu yako akauliza, "Nekesa yupi?"

"Tuna Nekesa mmoja. Mke wa Wekesa."

"Alisema lini?"

"Aliniambia mimi. Kila alichotaka huyo msichana akijue, aliniambia mimi. Ulizeni watu wa Ziwani nani alikuwa mdomo wake pale uwanjani. Kama mnadhani naongopa, semeni sasa."

Simiyu alinyanyuka akaenda zake nyuma ya nyumba, na jioni alirudi akala. Wakamwandikia Simiyu baiskeli na zile zana zako za reli, akaridhika, au alisema ameridhika.

Hivyo ndivyo nilivyoipata. Kwa miezi yote hii nimekuwa nikiendesha nikijua kwamba wewe ndiye uliyenipa. Lilikuwa jambo zuri la kubeba. Mteja akinifokea kwa kuchelewa, au mvua ikininyeshea Donholm mpaka soksi zinalia, najiambia Mzee aliona ninaweza.

Wiki iliyopita nilipita Ziwani, Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nikaketi, nikachambua naye. Nikamuuliza, kwa kupitisha wakati tu, "Mama, Baba alisema lini ile habari ya pikipiki? Alikuwa bado nyumbani au alikuwa hospitali?"

Hakuinua kichwa. "Hakusema."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Lakini uliwaambia wazee—"

"Niliwaambia. Miaka yote nimesema ya kwake, na sikuwahi kupunguza wala kuongeza. Moja tu nimesema yangu. Nikaweka jina lake juu yake ili lisikike. Ningesema ni mimi ninayetaka, nani pale angenisikiliza?"

Akatupa mawe mawili nje ya sinia. Kisha akasema nimwekee chai jikoni.

Kwa hiyo nakwambia, Baba, ili ujue kilichosemwa kwa jina lako. Sijui kama ungekubali. Huenda ulikuwa nalo moyoni na hukupata nafasi. Huenda ulifikiria ni ya Simiyu, kama kila mtu. Nimejaribu kulia juu ya jambo hili na machozi hayakuja. Nilichopata ni mshangao tu. Muda wote ule nilikuwa naangalia kule golini, kumbe mtu wa kuangaliwa alikuwa kwenye kiti cha plastiki.

Jumamosi nilimpeleka Mama mpaka Fedha. Alisema anataka kuona mahali ninapofanya kazi. Nilimvalisha helmeti, akakaa upande kama wanawake wanavyokaa, halafu akasema, "Hapana, nishushe," akapandisha gauni, akapanda tena akitandaza miguu. Alinishika kiunoni kwa nguvu. Tulipita Jogoo Road bila kuzima. Tulipofika pale barabara inapofunguka nilikuwa naenda polepole kwa ajili yake. Akanigonga begani.

"Ongeza kidogo."

Nikaongeza kidogo.

Baba, mimi sina mengi zaidi. Asante kwa Jumamosi zote zile, na kwa kuiinua pikipiki. Pumzika ulipo, nasi huku tunaendelea. Nakuahidi hili: popote Mama atakapotaka kwenda nitampeleka, na akivaa leso nitaifunga mbali na mnyororo wa pikipiki, isinaswe.

Nekesa,
mke wa mwanao