Ndugu wa Tumbo Moja

Jumanne, Ipogolo

Umeme umekatika tangu mchana, na maziwa ya wafugaji kwenye tangi letu kiwandani yanazidi kupata joto. Jenereta ipo, dizeli ipo. Anayejua kuiwasha ni Method, na kwenye mpango wa dharura niliandika mwenyewe kwamba asipokuwepo, mdogo wake Festo atashika nafasi. Nilijiona mjanja kweli!

Wote wawili wako Nyololo, kwenye msiba wa mama yao.

Nimempigia Method. Kabla sijasema kitu akaniwahi: "Pole, dada, nasikia umeme hamna. Kesho tukishazika tu, nageuza."

Mfiwa ndiye ananipa pole mimi.

Nimemwambia asithubutu kuondoka msibani. Sasa tangi naogopa hata kuligusa.