Mbayuwayu Juu ya Dirisha Lako

Kasulo, Ngara
Desemba 1995

Kwa dada yangu Bonifasia,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji Bizimana na mtoto hamjambo huko Nyamigogo, na mvua imewakuta mmeshapanda. Sisi huku wazima, ila mama kifua kinambana asubuhi, akishakunywa uji anapata nafuu. Usicheke mwandiko wangu. Shule niliacha darasa la tatu, na hizi herufi ni zile ulizonifundisha wewe kwa mkaa, ukutani jikoni. Nashukuru sana dada, maana leo zimenifaa.

Nina habari ya ndege. Mvua zilipoanza walikuja mbayuwayu, wale weusi wenye kiuno cheupe, wakajenga chini ya bati, juu ya dirisha la chumba chako. Unanijua mimi si msemaji, kazi yangu kuangalia. Nimeona hawatui chini hata kidogo. Manyoya wanayadaka hukohuko hewani, wanayabandika kwa mate. Kiota kimoja kina nyuzi za bluu, za yale maturubai ya kambi ya wakimbizi. Jioni wanazunguka paa kwa kelele mpaka mbuzi wanashtuka.

Sasa baba alitaka kupaka nyumba chokaa kwa ajili ya Krismasi. Akachukua mti avibomoe vile viota. Alipouinua tu, vichwa vikachungulia, midomo wazi. Akaushusha. Akasema basi, wakishakua. Akapaka ukuta wote, pale akapaacha. Nyumba nyeupe, juu ya dirisha lako kuna doa kama pamelambwa na ng'ombe. Mzee Kazimili alipopita akamtania, eti Matiasi, kilichokuishia ni chokaa au macho? Baba akamjibu, kwani wewe ndiye unayelala humo?

Mama alikuwa anamenya ndizi barazani. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba hawa ndege wamepewa nyumba, ilhali wazee wao hawajaja kujitambulisha, pombe hawakuleta, na walikotoka hakuna anayepajua.

Dada, nilitamani kukimbia. Tangu baba alipomkataa shemeji, kwamba ni mkimbizi asiye na hata baba mdogo wa kumsemea, nawe ukamfuata, habari zako hazikuwahi kuguswa mbele yake. Nikangoja afoke. Hakufoka. Aliosha brashi, akaiosha tena, na ilikuwa imeshatakata.

Kesho yake akaingia chumbani kwako. Kilikuwa kimejaa magunia ya maharage, akayatoa yote. Akapaka chokaa na humo ndani. Kitanda akakifunga kamba mpya. Mimi nashika ndoo, siulizi. Mwisho akaniuliza kama mtoto wa Bonifasia ameshaota meno. Nikasema sijui. Akasema hujui vipi, na wewe unajua kuandika?

Ndiyo hivyo dada. Barua hii ni baba aliyenituma. Tena amenikataza nisikwambie, niandike kama ni mawazo yangu, kwamba njooni Krismasi. Nimeshindwa, maana ungedhani ni mimi tu ninayewakumbuka. Sasa hivi amekaa hapa karibu, anajifanya ananoa panga, na panga lenyewe alilinoa jana.

Namshukuru Mungu, na wale ndege nawashukuru, ingawa wamenichafulia kofia. Makinda bado hayajaruka, mkiwahi mtayakuta. Msalimie shemeji, mwambie asihangaike kuazima wazee njiani. Mama anambusu mjukuu wake.

Nilikuwa nafunga barua, baba ameniuliza kama nimeandika habari ya benchi. Basi naandika. Benchi la barazani amelihamishia upande wa mlango. Anasema mkwe wake akikaa pale pa zamani, chini ya viota, watamharibia shati.

Ni mimi mdogo wako,
Frednand