Masale ya Mpaka

Jumapili jioni

Neema mjukuu wangu, utakaa huko Ujerumani mpaka lini? Huna hata haya! Kila wikiendi uko kwenye treni unakwenda kutazama makanisa ya watu, unanitumia picha, nami nawaringia majirani.

Leo nimetoka ibadani nikakuta masale yangu, ile mimea ya mpaka, yameng'olewa, yamepandwa ndani ya kihamba changu, hili shamba letu la ukoo, katikati ya migomba. Mtu anayethubutu kung'oa masale, mmea ambao wazee wetu waliuheshimu, hataogopa kunigusa mimi.

Elia, mdogo wake marehemu babu yako, alikuwa amesimama palepale, anacheka. "Shemeji, shamba la nini? Mrithi wako mtalii, na wewe huna siku nyingi."

Nimeegemeza gogo mlangoni. Naogopa.

Ukija, usianze na chai. Tuuzunguke mpaka wote mchana kweupe, nimekushika mkono, Elia na majirani wakuone.